Kaburi mbele ya mlango: nimeenda Sumba kumuona mdogo wangu

Ukimwambia mtu wa Dodoma Indonesia, anawaza Bali. Sasa mimi nilienda Sumba, kisiwa kiko mashariki ya Bali kwenye mkoa wa Nusa Tenggara Timur, na nilivyoshuka Waingapu mwezi wa tisa nikajiuliza kama ndege haijanirudisha Bahi, maana vilima vimekauka kabisa, ng'ombe wanatafuta majani, na mvua yao nao ni kama yetu tu, inaanza Desemba huko ikifika Aprili imeshakata. Tofauti ni farasi. Kila mahali farasi wadogo wadogo wamefungwa kamba kama mbuzi.

Kilichonipeleka ni mdogo wangu wa kike, kaolewa huko. Alipata skolashipu akasoma Yogyakarta, huko ndo akakutana na shemeji. Na mimi kwa kazi yangu hii ya udalali wa viwanja swali langu halikua kama anapendwa, hilo niliwaachia kina mama. Langu lilikua moja, atakaa kwenye ardhi ya nani na siku shemeji akitangulia nani atamwambia toka.

Safari ni ndefu jamani. SGR mpaka Dar hiyo ndo sehemu ya raha, alafu Doha, alafu Denpasar, alafu kindege cha mapangaboi mpaka Sumba, na ukifika wao wako mbele yetu masaa matano kwahiyo mwili unataka ugali saa ambayo wenyewe wamelala. Kutoka Waingapu tukavuka kisiwa kwa gari kuelekea magharibi, na kadri unavyoenda nchi inazidi kua kijani, mpaka Waikabubak, kutoka hapo ni bodaboda (wenyewe wanaita ojek) na mabegi mgongoni mpaka juu kilimani. Vijiji vya zamani vingi vimejengwa juu vilimani, kwa ajili ya ulinzi, enzi hizo koo zilikua zinawindana.

Nyumba zao sijawahi kuona mfano wake. Paa la nyasi limepanda juu kama kofia ya mchawi, refu kuliko nyumba yenyewe, sakafu ya mianzi imeinuliwa kutoka chini. Chini wanalala nguruwe na kuku, katikati watu na jiko la kuni, juu kabisa kwenye paa ni kwa mababu, ndo wanapotunza na vitu vya ukoo. Dini ya asili inaitwa Marapu, ingawa siku hizi wengi ni Wakristo, na nimegundua ukishakua Mgogo uliyeenda kanisani asubuhi na kwa mzee wa mila jioni hauna la kushangaa. Moto ndo adui yao mkubwa. Kijiji cha Tarung hapo hapo Waikabubak kiliungua mwaka 2017, nyumba zimebanana na zote ni nyasi, unadhani nini kitabaki. Wamejenga tena, kwa nyasi tena. Tembe letu angalau paa ni udongo.

Ukifika hujasalimiwa vizuri unaletewa tambuu, popoo na chokaa. Kukataa ni matusi. Nikatafuna, mdomo ukawa mwekundu, kichwa kikazunguka, mdogo wangu anacheka tu huyo.

Sasa makaburi. Yako katikati ya kijiji, mbele ya milango kabisa, mawe makubwa ya tani na tani, watoto wanacheza juu yake, kahawa inaanikwa juu yake. Zamani jiwe lilikua linakokotwa kutoka machimboni na mamia ya watu kwa kamba, na mwenye msiba anawalisha wote, ndo maana kuna familia marehemu anakaa ndani amefungwa vitambaa miezi, hata miaka, wakati wanatafuta nyati wa kuchinja. Siku hizi wengi wanatumia simenti na lori. Ila gharama ya nyati iko pale pale, na hili nalisema wazi, mi naona linawaumiza, ni mkoa maskini, ada ya shule inageuka nyama ya siku moja. Shemeji nilimwambia hivyo hivyo, akaniuliza arusi za Dodoma zinachangiwa shilingi ngapi. Nikanyamaza.

Nikamuuliza baba yake shemeji, mzee, hati ya hapa unayo? Shemeji akatafsiri. Mzee akanyoosha kidole kwenye makaburi, hili la baba, lile la babu, lile la babu yake babu. Kamaliza. Na ukweli ni kwamba kwa mila hajakosea, anayekuja kudai pale aje kwanza na jiwe la babu yake. Huku kwetu tangu serikali itangaze kuhamia Dodoma 2016 na mji ukaanza kumeza mashamba, makaburi yanahamishwa, sheria ya kuyahamisha ipo tangu 1969, familia inalipwa fidia, mifupa inaenda, bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) inasimikwa. Kazi yangu ndo inaishi hapo. Nani atahamisha jiwe lile?

Ila karatasi nayo ina yake. Sheria yao ya ardhi ni Na. 5 ya 1960 (yetu ya vijiji nayo ni Na. 5, ya 1999, sijui namba tano ina nini), na kifungu cha 21 kinasema umiliki kamili, hak milik, ni wa raia peke yake. Mgeni akiipata kwa urithi au kwa sababu mali za ndoa zimechanganyika, ana mwaka mmoja aiachie. Kwahiyo raia aliyeoa mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali naye anaingia kwenye tatizo. Zamani mkataba ilibidi usainiwe kabla ya ndoa, mwaka 2016 mahakama yao ya katiba ikaruhusu hata mkishaoana. Nikawakalisha chini wote wawili. Wasaini. Mgeni anayeishi kule anaweza kupata hak pakai, haki ya kutumia, miaka 30, inaongezwa 20, inahuishwa tena 30, inatosha kabisa kwa nyumba ya mjini.

Dalali mwenzangu nilimkuta ufukweni, hawa hata ukimkuta mwezini utamjua. Anauza pwani. Tangu ile hoteli ya Nihiwatu ishike namba moja duniani kwenye jarida la Travel + Leisure 2016 na 2017 kila mtu anaona bahari ni hela. Akaniambia mgeni sio shida, tunaandika jina la mtu wa hapa, wewe unalipa. Kifungu cha 26 kinasema mauzo ya namna hiyo ni batili na ardhi inarudi serikalini, tena mita 100 kutoka maji yanapojaa ni marufuku kujenga. Nilimwambia, akacheka vile vile nnavyocheka mimi mteja akiuliza sana. Ila sio kichekesho. 2018 pwani ya Marosi mwanakijiji aliuawa kwa risasi kwenye vurugu za kupima ardhi. Kwa kupima tu.

Usiku mmoja mdogo wangu akanionyesha kaburi la ukoo wa mumewe, akasema na mimi kaka nitalala humu na mume wangu, wameshaniambia. Kwenye hati hawezi kuandikwa, kwenye jiwe nafasi anayo. Sikujua nimpe pole au hongera, nikamuuliza kama neti ya mbu anayo maana malaria huko ni balaa.

Mahari bado. Kwao muoaji anatoa farasi na nyati, upande wa binti unarudisha vitambaa na nguruwe. Nyati hawapandi ndege kwahiyo tumekubaliana hela, na wajomba Mpwapwa fungu lao wanalisubiri kwa hamu. Vitenge nilivyobeba vilipokelewa vizuri sana. Nguruwe tulinunua sokoni Waikabubak, bei sisemi maana mjomba anasoma humu.