Simon Meisling, mwalimu mkuu wa Andersen

Wageni wangu kutoka nyumbani wakifika hapa Slagelse, Denmark, huniuliza habari za Hans Christian Andersen, yule mwandishi wa hadithi za watoto. Mimi huwaanzia na Meisling. Hawajawahi kumsikia, na hata majirani zangu Wadenmark wanamjua kwa jambo moja tu: ndiye mwalimu mkuu aliyemtesa Andersen. Basi. Mtu kaishi karibu miaka 70, kasoma Kilatini na Kigiriki mpaka akabobea, kaongoza shule mbili, na kilichobaki ni kwamba alikuwa na mdomo mchafu.

Nilifundisha sekondari huko Tanga kabla sijaolewa huku, na labda ndiyo sababu mtu huyu hanitoki kichwani. Nimekaa ofisi moja na watu wa aina yake. Wanajua somo lao kuliko walimu wote wa wilaya, na mwanafunzi akikosea wanachukulia kama wametukanwa wao.

Simon Sørensen Meisling alizaliwa Copenhagen mwaka 1787. Alikuwa msomi wa lugha za kale, mwenye shahada ya uzamivu, na aliyatafsiri mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa Kidenmark. Mwaka 1822 akapewa shule ya Kilatini ya Slagelse, mji mdogo ulio magharibi mwa kisiwa cha Sjælland, takriban kilomita 90 kutoka mji mkuu. Leo ni safari ya saa moja kwa treni. Wakati ule ilikuwa safari ya gari la farasi, na kwa msomi wa Copenhagen nadhani ilikuwa kama kupelekwa porini.

Shule ya Kilatini ilikuwa na kazi moja: kuwaandaa wavulana kwa mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Copenhagen. Kilatini kwanza, halafu Kigiriki, na Kiebrania kwa wanaoelekea kanisani. Hesabu, historia na jiografia zikifuata nyuma. Ukishindwa Kilatini umeshindwa maisha. Mwalimu mkuu ndiye aliyeshika mlango.

Mwaka huohuo wa 1822, mwezi wa Oktoba, akaletewa mwanafunzi wa ajabu. Kijana wa miaka 17, mrefu, mwembamba, mtoto wa fundi viatu wa Odense aliyekwisha kufariki, mama yake mfua nguo za watu. Alikuwa ametoroka umaskini akiwa na miaka 14, akaenda Copenhagen kutafuta kuimba, kucheza dansi na kuigiza, na vyote vikamshinda. Aliandika tamthilia, wakuu wa Jumba la Maonyesho la Kifalme wakaikataa, lakini wakaona kuna kitu ndani yake. Jonas Collin, mmoja wao na mtumishi mkubwa wa serikali, akamwombea fedha kwenye mfuko wa Mfalme Frederik VI ili asomeshwe. Ndivyo Andersen alivyofika hapa, kwa ufadhili, kama wanafunzi wangu wengi walivyosoma kwa ufadhili wa parokia au wa mjomba aliyepo Dar.

(Andersen mwenyewe anasimulia kwamba alipofika tu alimuuliza mama mwenye nyumba ya wageni kuna nini cha kutazama mjini. Akajibiwa: mashine mpya ya kuzimia moto kutoka Uingereza, na maktaba ya mchungaji Bastholm. Nimeishi hapa muda wa kutosha kucheka hadithi hiyo kila ninapoikumbuka.)

Alipangwa darasa la pili kutoka chini, pamoja na watoto wa miaka 11 na 12. Aliyewahi kufundisha darasa la MEMKWA, lile la watoto walioikosa shule kwa wakati wake, anaijua picha hiyo: jitu zima limekunja magoti chini ya dawati la watoto, linaona aibu kuuliza swali kwa sababu swali lenyewe ni la kitoto. Mwanafunzi wa namna hiyo usipomlea kwa upole unamvunja. Meisling hakuwa na upole. Silaha yake haikuwa kiboko, ilikuwa dhihaka. Andersen anaeleza jinsi alivyokuwa akichekwa na mwalimu mkuu mbele ya darasa zima, akaitwa mjinga, mpaka hata alichokijua kikamtoka. Shajara yake ya mwaka 1825 ipo, na ni ya kusikitisha: kurasa za kijana wa miaka 20 anayemwomba Mungu amvushe kwenye mtihani, akihesabu kila jibu alilokosea kama dhambi.

Mwaka huo Meisling akamchukua akae nyumbani kwake, kwa malipo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana sasa hakukuwa na kengele ya saa nane. Mwalimu darasani, mwalimu mezani, mwalimu kwenye ngazi. Nyumba yenyewe, kwa maelezo ya Andersen, ilikuwa chafu, yenye ulevi na vurugu. Mwaka 1826 Meisling akahamishiwa shule ya Helsingør, kaskazini, pale bahari inapokuwa nyembamba na Sweden inaonekana ng'ambo, na akamchukua Andersen pamoja naye. Helsingør ni mji mzuri kuliko huu wetu, nausema ukweli ingawa naishi hapa. Kwa Andersen ulikuwa mwaka mbaya kuliko yote.

Alikuwa amepigwa marufuku kutunga mashairi. Hata hivyo akatunga moja, “Det døende Barn”, mtoto anayekufa akizungumza na mama yake. Meisling alipopata habari kwamba limesomwa kwa watu huko Copenhagen, akataka aletewe, akalisoma, akaliita upuuzi wa kujiliza. Shairi hilo likachapishwa mwaka 1827 na ni mojawapo ya mashairi yake yanayojulikana zaidi.

Aliyemwokoa alikuwa mwalimu kijana wa shule hiyohiyo, Christian Werliin. Yeye ndiye aliyekwenda kwa Collin akamweleza yanayofanyika. Mtu huyu anatajwa kwa mstari mmoja na kupitwa, nami namwona ndiye shujaa wa habari yote. Fikiria: mwalimu wa chini, anakwenda kumsemea mwanafunzi kwa mfadhili, dhidi ya mkuu wake wa kazi. Walimu wenzangu mnaosoma haya mnajua hilo lina gharama gani.

Aprili 1827 Collin akamtoa Andersen shuleni. Alipokwenda kuaga na kushukuru kwa mema aliyotendewa, Meisling akamlaani. Hatafaulu kamwe kuingia chuo kikuu, mashairi yake yataozea kwenye dari la muuza vitabu, na yeye mwenyewe ataishia nyumba ya vichaa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike leo.

Tarehe 18 Julai 1826, miezi tisa hivi kabla ya laana hiyo, Meisling huyuhuyu aliandika kwa mkono wake hati ya kumweleza Andersen kwa wafadhili. Humo anasema kijana alikuja na akili nzuri lakini bila msingi, na kwamba amepanda madarasa mpaka la nne kwa haki. Anasema vipaji vyake ni vizuri, na kwa upande mmoja ni bora kabisa. Anasema bidii na mwenendo wake vinaweza kuwa mfano kwa wanafunzi wa shule yoyote. Anaongeza kwamba mambo matatu ambayo mwalimu huyatamani na mara chache huyakuta kwa mtu mmoja, yaani uwezo, bidii na tabia njema, yote yamo kwa Andersen. Na anatabiri: akiendelea hivi, Oktoba 1828 atakuwa tayari kwa mtihani wa chuo kikuu.

Andersen akafanya mtihani Oktoba 1828. Akafaulu. Wakati huo alikuwa akifundishwa faraghani Copenhagen, lakini mwezi na mwaka ni vilevile alivyoviandika Meisling.

Kwa hiyo jicho halikuwa na kasoro. Hiyo ndiyo sehemu inayonikera. Kama angekuwa mwalimu mbovu asiyeona, ningemwacha. Lakini aliona kila kitu, akapima sawasawa, akaandika kwa ufasaha, akaipeleka kwa mwenye fedha. Kijana mwenyewe hakuambiwa hata neno. Andersen anasema hakuwa na habari kabisa kwamba hati kama hiyo ipo.

Nimejaza ripoti za muhula nyingi sana, na najua jinsi sehemu ya maoni ya mwalimu wa darasa inavyojazwa: sifa kwa mzazi anayelipa ada, makaripio kwa mtoto. Niliwahi kufanya kazi na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akiwasifia wanafunzi wake kwetu wakati wa chai mpaka tunaona wivu, kisha anaingia darasani anawaita ng'ombe. Tulipomuuliza alisema ukiwasifu watalala. Nadhani Meisling angemwelewa. Kizazi chake kizima kiliamini hivyo, na mwanafunzi anayekula fedha za mfalme aliogopewa zaidi: akivimba kichwa kwa mashairi, akafeli Kilatini, aibu ingemrudia mwalimu mkuu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji. Mtu huyu aliyekataza mashairi alikuwa yeye mwenyewe mtu wa fasihi. Mbali na Virgil, alitafsiri tamthilia za Carlo Gozzi wa Venice, na tamthilia hizo si kingine ila hadithi za ajabu zilizopandishwa jukwaani, zenye wachawi, wafalme na ndege wanaoleta balaa. Andersen baadaye, mwaka 1832, aliandika maneno ya opera “Ravnen” iliyopigiwa muziki na Hartmann, na kisa chake ni cha Gozzi huyohuyo. Walikuwa wanakula sahani moja! Sitaki kujifanya mtabibu wa roho, lakini mtu aliyetumia maisha yake kuhamisha maneno ya washairi wengine, kisha akaletewa kijana asiyejua sarufi ambaye maneno yanamtoka yenyewe, huenda alikuwa na zaidi ya nidhamu moyoni.

Mwisho wa kazi yake haukuwa mzuri. Mwaka 1839 alipoteza ukuu wa shule ya Helsingør. Kabla ya hapo walikuwa wamekutana tena, Copenhagen, baada ya riwaya “Improvisatoren” kutoka mwaka 1835 na jina la Andersen kuanza kuvuma. Meisling alimpa mkono wa suluhu, akakiri kwamba alimwelewa vibaya na kumtendea vibaya, lakini akasema kwa Andersen sasa ni mamoja, ashike njia yake. Siyo msamaha wa kupendeza. Kwa mwalimu mkuu wa zama zile, hata hivyo, kumwambia mwanafunzi “nilikosea” kulihitaji nguvu, na nimewajua walimu waliozikwa bila kulisema.

Haikusaidia sana. Andersen aliota ndoto za Meisling hadi uzeeni, akiwa mtu wa kupokewa na wafalme. Anajiona tena amekaa mbele yake, anaulizwa, hajui. Na tukumbuke kwamba karibu yote tunayoyajua juu ya nyumba ile na darasa lile yanatoka kwenye kalamu ya Andersen, mtu aliyekuwa na ngozi nyembamba kuliko watu wote wa Denmark. Upande wa Meisling tunausikia kwenye hati ile.

Na aliyeitunza kwetu ni Andersen. Alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1855, aliichapa yote, na jina la Meisling chini yake, palepale kwenye sura inayosimulia mateso. Akasema imejaa wema kwake na inapaswa kujulikana. Angeweza kuiacha kwenye droo, nani angejua? Meisling alikuwa bado hai. Alifariki mwaka uliofuata.