Nilitumwa Kuleta Tairi

Baridi ya Julai Mbeya huifahamu mpaka ukeshe nje. Nilikuwa na sweta mbili na koti la marehemu baba, na bado meno yaligongana. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mtaa wetu wa Isanga uanze ulinzi shirikishi.

Wapiga nondo walikuwa wametunyima usingizi. Unatoka kazini umechelewa, mtu anakujia kwa nyuma na kipande cha nondo, unazindukia hospitali huna simu wala viatu. Jirani yetu alipigwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake. Alipona, ila sikio la kushoto halikurudi.

Polisi jamii ndiyo iliyokuwa habari ya mjini enzi hizo, tangu Said Mwema alipokuwa IGP, mkuu wa polisi nchini, mwaka 2006. Kwetu ilikuja kwa sura ya askari mmoja aliyefika kwa miguu kwenye mkutano wa mtaa. Mzee mmoja alisimama, hakupindisha maneno. "Afande, tukimtaja mtu asubuhi, jioni yeye mwenyewe anakuja kutuuliza kwa nini tumemtaja."

Watu wakaguna. Nilitegemea askari ajitetee. Badala yake aliokota kipande cha chaki, akaandika namba yake ya simu ukutani. "Basi nipigieni mimi." Daftari la zamu lilijaa jioni ileile.

Usiku ninaousema tulikuwa sita, na rungu, tochi mbili na filimbi moja. Inakaribia saa tisa tukaona mtu anapandisha kichochoro na kiroba begani. Tulimwita, akaongeza mwendo. Filimbi ikalia. Milango ilifunguka kwa kasi ambayo sijawahi kuiona mchana.

Kiroba kilipomwagwa, zikadondoka nondo. Vipande vinne, urefu wa mkono.

Sitaki kudanganya kuhusu kilichofuata. Hakuna aliyeuliza swali. Kijana alipigwa kofi, kisha teke, kisha nikapoteza hesabu. Mtu nyuma yangu akasema, "Wewe mwenye mbio, kalete tairi." Nami nikaenda. Nililitoa kwa fundi baiskeli, nje ya kibanda chake, nikalivingirisha kurudi nalo. Bado naukumbuka mlio wake kwenye changarawe.

Nilikuta mama muuza maandazi amefika, mikono ina unga hadi viwiko. Huamka saa nane kukanda, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa macho kuliko sisi walinzi. "Mmempigia afande?" Kimya. "Namba si aliwapa?" Yeye alikuwa ameinakili kwa mkaa kwenye fremu ya mlango wa jiko lake. Akarudi nayo kichwani, akaitaja tarakimu moja moja huku mwenyekiti akibonyeza simu. Kijana alikuwa ameketi chini, damu ikimchuruzika kwenye nyusi.

Askari alifika baada ya nusu saa hivi, koti la raia juu ya suruali ya kazi. Aliokota nondo moja, akaimulika. Ncha yake ilikuwa imekunjwa kama ndoano. Akaingiza mkono ndani ya kiroba, akatoa koleo na rola ya waya laini.

"Unafanya kazi gani?"

"Nafunga nondo, afande. Kwenye jengo, kule Forest. Nilikuwa nalinda vifaa usiku, mwenzangu amekuja kunipokea."

"Mbona ulikimbia?"

"Niliwadhania nyinyi ndio wapiga nondo."

Kuna aliyecheka, akajikuta anacheka peke yake. Askari aliuliza ni nani kaibiwa usiku ule. Hakuna. Akauliza tena, nani alianza kumpiga. Hapo ndipo tulipogundua kwamba wengi tulikuwa na haraka ya kwenda kulala. Mama wa maandazi alimwosha kijana uso kwa maji ya vuguvugu, na askari akamshika mkono kumpeleka kutibiwa.

Tairi lilibaki miguuni pangu. Nililivingirisha kurudi kulipopambazuka, fundi akiwa anafungua kibanda.

"Umelitoa wapi hilo?"

Nilimwambia nimeliokota njiani.

"Ahsante, mwanangu," akasema.