Farasi Si Ng'ombe: Nilivyomlea Kipanga wa Ngong Hapa Tororo

Nimefuga ng'ombe tangu utotoni, na nilipostaafu jeshini nilirudi Tororo, Uganda, nikaendelea nao. Kwa hiyo watu waliposikia nimepokea farasi, kila mtu alikuja na ushauri, na kila ushauri ulikuwa wa ng'ombe. Ndicho kinachonifanya niandike. Ushauri mmoja wa namna hiyo ulikaribia kumuua mnyama niliyeahidi kumlinda, na sitaki mlezi mwingine aupitie usiku ule nilioupitia mimi.

Kipanga alikuwa farasi wa mbio pale Ngong, Nairobi, uwanja unaokimbiza farasi tangu 1954. Alipofikisha miaka sita kano ya mguu wa mbele ilivimba, ikapona, ikavimba tena, na mwenye farasi akaona basi. Farasi wa aina hii huanza kukimbia wakiwa na miaka miwili au mitatu, hustaafu mapema, na wakitunzwa vizuri hufika hata miaka 25. Hesabu mwenyewe imebaki miaka mingapi ya kula bila kuleta zawadi. Kuna watu wanaojitolea kwa ajili yao: mmoja anatoa lori, mwingine analipia dawa, na walezi wa muda wanakaa nao miezi kadhaa mpaka apatikane mtu wa kuwachukua moja kwa moja. Binti yangu anafanya kazi Nairobi, akawafahamu, akawaambia baba yake ana ekari nne zenye ua na majani. Huku kwetu farasi mtulivu hakosi kwake. Jinja wageni wanapanda farasi kando ya Nile, na Lake Mburo ni hifadhi ambamo unaweza kuwaona pundamilia na nyati ukiwa juu ya farasi.

Kibali cha kumwingiza kutoka Entebbe na vyeti vya daktari vilipokamilika, akavuka mpaka wa Malaba.

Alishuka kwenye lori saa nne usiku. Nilikuwa na tochi. Mishipa ya uso ilikuwa imetokeza kama kamba chini ya kitambaa chembamba, jasho limechora mistari myeupe shingoni. Akanusa kiganja changu, akakuta harufu ya ng'ombe, akapiga pua kwa nguvu mpaka mate yakanirukia shavuni. Kisha akarudisha pua palepale, akaiacha hapo. Kuanzia hapo sikuwa na mjadala na nafsi yangu. Nilijua nitamlea.

Saisi, yaani mtunza farasi, kijana wa Eldoret aliyekuja naye alikaa siku tatu tu. Neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mzee, huyu hajawahi kulala peke yake. Kule kila ukuta una mwenzake upande wa pili." Nikamwonyesha ng'ombe wangu, nikidhani nimemaliza. Wapi! Usiku kucha alitembea kando ya ua, mbele nyuma, akiita, na asubuhi palikuwa na njia ya vumbi imechimbika kama ya watu wa sokoni. Ng'ombe wakimsogelea anahama. Siku ya tatu nilimleta mbuzi jike mmoja mweusi, mwenye tabia ya kutojali chochote. Akaingia bandani, akala majani chini ya pua ya Kipanga, akalala. Saa mbili baadaye farasi naye alisimama mguu mmoja wa nyuma umelegea, mdomo wa chini unaning'inia. Saisi akasema sasa anapumzika. Kama huna farasi wa pili, tafuta mbuzi, na usichague mbuzi mwoga.

Chakula kilinipa shida kuliko nilivyotarajia. Kule mbioni anakaa bandani karibu siku nzima, anapewa nafaka nyingi kwa vipindi, na tumbo linabaki tupu katikati. Tumbo la farasi halipumziki kutoa asidi, ana chakula hana chakula, ndiyo maana farasi wengi wa mbio wana vidonda. Kwa hiyo nafaka hupunguzwa pole pole kwa wiki kadhaa, na majani makavu yasikosekane mbele yake. Yeye alikuwa anamaliza kama kilo kumi kwa siku na ndoo mbili za maji, siku ya jua zaidi. Bisagazi, yale majani ya tembo tunayowakatia ng'ombe, nilimpa kidogo tu. Yana kitu kinachozuia chokaa isiingie mifupani, na farasi akiyala kila siku bila kuongezewa madini, mifupa ya uso inavimba. Nilichanganya chokaa ya mifugo na chumvi kwenye pumba za ngano. Mahindi yenye ukungu usithubutu, hata kama ng'ombe wako wanayala. Yanaharibu ubongo wa farasi. Na jirani mmoja aliniletea nusu gunia la chakula cha kuku kwa moyo mwema kabisa. Nilimshukuru, nikakirudisha. Mara nyingi chakula hicho huwekwa dawa ya kuzuia kuku wasiharishe damu, na dawa kama monensini inaua moyo wa farasi kwa dozi ambayo kuku haisikii. Hilo nilikuwa nimeshaambiwa kabla.

Ambalo sikuambiwa ni kupe.

Wiki ya nne aliwapata ndani ya masikio na chini ya mkia. Nikaenda duka la dawa za mifugo mjini, nikaeleza ni farasi, nikarudia ni farasi. Mwuzaji akanipa chupa ya amitrazi, ileile ninayoogeshea ng'ombe. "Afande, kupe ni kupe," akaniambia. "Punguza tu kipimo." Nikapunguza, nikampulizia kwa bomba asubuhi, mgongo, tumbo, miguu. Alisimama vizuri. Kupe wakaanguka. Nikafurahi.

Siku ya pili jioni hakumaliza majani yake. Nilidhani joto. Saa mbili usiku mbuzi alikuwa amesimama nje ya banda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilipoingia na taa nikamwona Kipanga anageuza shingo kutazama ubavu wake, kama mtu anayesikia kitu kinatembea ndani. Akapiga tumbo teke. Akakunja magoti, akalala, akainuka, akalala tena. Sakafuni hapakuwa na kinyesi hata kimoja tangu asubuhi.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo aliyeko Jinja, yule ambaye kundi la wale wanaojitolea lilinipa namba yake. Aliuliza mambo matatu: mapigo, ufizi, na sauti ya tumbo. Mapigo unayapata chini ya taya, kuna mshipa unaoteleza kama uzi juu ya mfupa. Farasi aliyetulia hupiga kama thelathini hadi arobaini kwa dakika. Nilihesabu 64. Nikaweka sikio ubavuni. Siku zote tumbo la farasi linanguruma kama maji ya mtoni yakipita kwenye mawe, na nilikuwa nimezoea kulisikia hata nikiwa mlangoni. Usiku ule lilikuwa kimya. Sijawahi kuogopa kimya namna ile.

Daktari akauliza: "Mzee, umempa dawa yoyote wiki hii?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yuko njiani. Amitrazi husimamisha utumbo wa farasi. Chakula kinakwama, kinakauka, kinakuwa kama udongo wa tofali. Kwa ng'ombe dawa hiyo ni halali, inauzwa kila kona. Kwa farasi ni marufuku. Sikujua, na aliyeniuzia hakujua, wala hakuona haya kujifanya anajua.

Kutoka Jinja hadi kwangu ni kilomita zaidi ya mia moja. Aliniambia nimwondolee chakula, nimtembeze taratibu akitaka kujigaragaza, nimwache akisimama kwa utulivu. Tukatembea. Mke wangu ameshika taa, mimi nimeshika kamba, mbuzi nyuma yetu. Nilimwongelesha njia nzima. Nilimwambia mambo ya kazini ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kila tulipofika kwenye mwembe alitaka kulala, na kila mara nilimwekea mkono shingoni, naye aliendelea kutembea.

Daktari alifika karibu saa saba usiku. Akamdunga ya kutuliza maumivu, akapitisha mpira mrefu puani hadi tumboni, akanipa mimi kazi ya kushika faneli juu ya kichwa changu. Lita nne za mafuta meupe ya parafini, yale ya hospitali. Usiyachanganye na mafuta ya taa, nimesikia mtu akiuliza. Yaliingia polepole mno, mikono yangu ikatetemeka lakini sikuishusha. Kisha tukakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, tukasubiri. Alfajiri, jogoo wameshaacha, nikasikia tumbo: mlio mmoja mdogo, kama mlango unaofunguliwa na mtoto. Baada ya nusu saa akainua mkia. Vipande vitatu vidogo, vikavu, vimeng'aa kwa mafuta. Nilivishika kwa mikono miwili. Mke wangu alilia, na mimi pia.

Gharama ya usiku ule ilikuwa kama laki nne na ushee pamoja na petroli, na kundi lilinirudishia sehemu. Kwa kupe, daktari alinielekeza dawa za jamii ya pareto kwa kipimo cha farasi, lakini kupe wa masikioni tunawatoa kwa mkono kila jioni, na hilo limekuwa jambo zuri kati yetu, anainamisha kichwa mwenyewe. Dukani nilirudi na chupa. Nilimwambia yule kijana kwa upole kile kilichotokea, nikamwomba aandike kwenye rafu: si kwa farasi. Aliandika.

Pange, wale inzi wakubwa wanaonyonya damu, walikuwa vita ya pili. Alikuja na blanketi la buluu iliyokoza kutoka Nairobi, zuri, la bei. Nilishangaa kuona mbung'o wanalifuata, hadi nilipokumbuka mitego inayotundikwa vijijini kwetu ni ya vitambaa vya buluu na vyeusi, kwa sababu rangi hizo ndizo zinazowavuta. Nikalikunja, nikaliweka juu ya kabati. Mbung'o akimwambukiza farasi ugonjwa wa nagana, hakuna mzaha. Binti yangu akanieleza kuhusu utafiti uliofanyika Uingereza, uliochapishwa 2019: farasi waliovishwa nguo yenye mistari ya pundamilia walituliwa na pange wachache sana. Mke wangu akachukua shuka mbili nyeupe za pamba, tukapima mgongo na shingo kwa kamba, akashonea mistari ya kitambaa cheusi, upana wa vidole vitatu. Siku mbili za cherehani. Nilisimama na kuhesabu: kabla, nilikuwa naua pange kumi ubavuni kabla sijamaliza kumpiga brashi. Akiwa na shuka, wanakuja kwa kasi, wanapita juu, hawajui pa kutua. Sehemu isiyofunikwa wanatua kama kawaida, kwa hiyo walihamia usoni, nikamsukia kishada cha nyuzi za katani kwenye paji, zinacheza akitikisa kichwa. Watoto wa shule walisimama barabarani kila siku kumtazama. Jioni kabla ya magharibi anaingia bandani na hatoki mpaka jua limepanda, kwa ajili ya visubi, vijidudu vidogo vinavyouma, wanaoleta homa ya farasi. Chanjo alikuwa nayo, lakini chanjo na banda vinakwenda pamoja.

Kumpanda: farasi wa mbio anapandwa akiwa anatembea, mtu anamrusha mpanda farasi juu kwa goti, mara moja. Kusimama tuli akingoja hajui maana yake. Nina kichuguu kikubwa kando ya ua, kimekauka, kinanifika kiunoni. Mwezi mzima nilimpeleka pale kila asubuhi bila tandiko. Nasimama juu, namkuna begani, nampa kipande cha muwa, tunaondoka. Kisha naegemea kwa mikono. Kisha kwa kifua. Akisogea hatua moja tunazunguka na kuanza upya, bila kelele. Ukivuta hatamu yeye anaelewa kaza mwendo, hivyo nilimfundisha kusimama kwa sauti na kwa kupumua kwangu. Siku nilipokaa mgongoni, miaka yangu 61, aligeuza kichwa akanusa kiatu changu, akangoja muwa wake.

Alikaa nami miezi minane. Mama mmoja wa Jinja anayepandisha wageni alikuja mara tatu kumwona, mara ya tatu akampanda kutoka kwenye kichuguu, akashuka akiwa hana maneno mengi. Alisema, "Mzee, huyu nitamchukua. Nieleze kila kitu." Nikamwandikia kurasa sita, amitrazi ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu.

Siku ya kuondoka alipanda lori hatua mbili, akasimama, akaita. Hakuna aliyemvuta. Nilikwenda bandani nikamleta mbuzi, nikampandisha kwanza. Kipanga akamfuata. Shuka ya mistari ilikuwa mgongoni kwake, na mke wangu ameshaanza kushona nyingine, kwa sababu kuna jike wa miaka mitano anakuja mwisho wa mwezi.