Mzee wa dukani alikataa kuniuzia mabuti ya mbuni

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika duka la mabuti ya kauboi hapa Fort Worth, Texas, kadi ya benki ikiwa tayari mkononi, wakati mzee aliyekuwa akinihudumia alipoichukua jozi ya ngozi ya mbuni niliyokuwa nimeichagua, akairudisha kwenye boksi lake na kuniambia kwa upole kwamba hawezi kumuuzia mtu buti litakalomuumiza. Jozi hiyo ilikuwa ya dola mia sita na ushee. Badala yake alirudi na mabuti ya ngozi ya ng'ombe ya bei isiyofika nusu ya hiyo, yenye upana wa wayo wangu, kisha akapiga goti mbele yangu na kuyakagua kwa mikono yake hadi aliporidhika. Sisi tuliozoea kujaribu viatu vya mtumba tukiwa tumesimama kwa mguu mmoja juu ya kipande cha boksi, huku muuzaji akituapia kwamba kinachobana kitatanuka na kinachopwaya kitawekewa karatasi, tunajua uzito wa muuzaji anayekataa pesa. Nimeona niliandike jambo hili kwa kirefu, kwa sababu vijana wetu wengi wanaofika Texas hununua mabuti haya kwa macho, na pia kwa sababu kuna jambo kuhusu viatu hivi ambalo limekuwa likinikera kwa muda mrefu, nalo linatuhusu sisi na nyumbani kwetu Tanzania.

Kwanza vipimo. Mzee huyo alinitaka nivue viatu vyote viwili, nisimame wima na kuukanyaga ubao wa chuma uitwao kipimo cha Brannock, ambao umekuwapo katika maduka ya viatu ya Marekani tangu miaka ya 1920. Ubao huo hutoa vipimo vitatu: urefu kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu, urefu kutoka kisigino hadi kwenye kifundo cha kidole gumba, na upana. Kwetu kiatu kina namba moja, ukiambiwa arobaini na mbili mazungumzo yamekwisha. Huku namba hufuatwa na herufi, na kwa wanaume B ni mguu mwembamba, D ni wa kawaida na EE ni mpana, ilhali kwa wanawake B ndiyo ya kawaida. Wangu ni EE, na sababu yake naijua. Nimekulia Dodoma nikichunga ng'ombe wa babu, kwanza pekupeku, baadaye kwa katambuga za tairi, na wayo uliokua bila kufungiwa ndani ya kiatu hupanuka mbele na vidole vyake huachana. Mabuti ya mbuni yaliyokuwapo dukani yalikuwa D. Mtu mwenye mguu kama wangu akikosa upana hukimbilia kuongeza namba ili apate nafasi, na matokeo yake ni buti refu kupita mguu, linalojikunja mahali ambapo wayo haujikunji na kuuchubua kila anapopiga hatua. Ndiyo maana kile kipimo cha pili, cha kutoka kisigino hadi kifundo cha kidole gumba, mzee alikitilia mkazo kuliko vingine: sehemu pana ya wayo lazima ikae juu ya sehemu pana ya soli, la sivyo hakuna kinachoweza kulisaidia buti hilo.

Buti la kauboi halina kamba wala zipu, kwa hiyo kinachoushika mguu ni ngozi inayopita juu ya mgongo wa wayo. Hapo ndipo panapotakiwa kubana, kubana kwa uthabiti bila kukata damu. Unalivaa ukiwa umeketi, ukiivuta mikanda miwili iliyoshonwa juu, mguu unagoma kidogo kwenye kona, pale wayo unapokutana na mguu, kisha kisigino kinatumbukia mahali pake kwa mlio mdogo ambao wazoefu huusikiliza. Mguu ukiingia bila mgomo wowote, buti ni kubwa. Ukilazimika kushindana nalo hadi jasho likutoke, mgongo wa buti ni mfupi kwako, na usikubali kuambiwa kwamba litalegea. Ukisimama na kutembea, kisigino kitapanda kiasi cha sentimita moja, na wageni wengi huirudisha jozi nzuri kwa sababu hiyo, wakidhani inapwaya. Haipwayi, bali soli ya ngozi ingali ngumu, na ikishazoea kujikunja mwendo huo hupungua. Ncha ndefu ya mbele haihesabiwi, kwa kuwa vidole havitakiwi kufika huko, wala havitakiwi kubanwa pembeni. Nenda dukani alasiri, miguu ikiwa imeshavimba kwa shughuli za mchana, ukiwa na soksi utakazovalia, na uufuate mguu ulio mkubwa zaidi, kwa maana ya watu wengi haifanani. Usiitegemee namba ya raba zako, kwani mabuti haya mara nyingi huwa nusu namba chini yake.

Umbo hili halikuzuka kwa ajili ya picha. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kumalizika mwaka 1865, ng'ombe wa Texas waliswagwa kwa miguu kuelekea kaskazini, na tangu mwaka 1867 wakawa wanafikishwa kwenye reli huko Abilene, Kansas, kwa njia iitwayo Chisholm, na makundi mengi yakipita hapa hapa Fort Worth. Mchungaji wao, yaani kauboi, aliyekaa juu ya tandiko mchana kutwa alihitaji ncha nyembamba ili mguu uingie kwenye kikuku cha tandiko, pale mpandaji anapokanyaga, bila kutafuta, kisigino kirefu ili usipenye ukanasa, na buti lisilo na kamba ili, farasi akimwangusha, mguu uchomoke badala ya yeye kuburutwa. Sehemu ndefu inayopanda hadi kwenye shavu la mguu ilimkinga na miiba, nyoka na msuguano wa mikanda ya tandiko. Mengi ya hayo yalitoka kwa wachungaji wa Meksiko, ambao walikuwa wakifanya kazi hii kabla Texas haijawa ya Marekani. Mafundi nao walikuwa watu wa kuhamahama: H. J. Justin alianza kushona mwaka 1879 katika kijiji cha Spanish Fort, kampuni ikahamia Nocona mwaka 1889 na Fort Worth mwaka 1925, na huko San Antonio kiwanda cha Lucchese kilianzishwa mwaka 1883 na mhamiaji kutoka Sicily. Mimi nisiyepanda farasi nilichukua kisigino kifupi, cha kama inchi moja, na ncha pana. Mtembea kwa miguu hana sababu ya kujitesa kwa kisigino cha mpanda farasi.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Mwaka 2007 bunge la Texas lilipitisha kwamba buti la kauboi ndilo kiatu rasmi cha jimbo. Mawakili huingia mahakamani wamelivaa chini ya suti, wanasiasa huapishwa nalo, madaktari huja nalo kanisani Jumapili, na hakuna anayeona kwamba wamejishusha. Kiatu cha mtu aliyelala porini na mifugo kimekuwa kiatu cha heshima ya watu wote. Kwetu, mtoto akipata alama mbaya mwalimu humwambia mbele ya darasa kwamba ataishia kuchunga ng'ombe. Nimeambiwa hivyo mimi mwenyewe, na mwalimu aliyeniambia alikuwa analipwa mshahara katika nchi ambayo ina ng'ombe kwa mamilioni na inakula nyama yao kila sikukuu. Mfugaji akifika ofisi ya wilaya na katambuga zake huachwa kwenye benchi hadi jua linapozama, ilhali aliyekuja baada yake na viatu vya kung'aa ameshahudumiwa na kuondoka. Na lazima niseme hili: kiatu cha kwanza kilichotengenezwa kwa kipimo changu mimi, si cha mtu aliyekivaa kabla yangu, kilikuwa katambuga. Fundi pale mnadani Msalato, Dodoma, aliniambia nikanyage kipande cha tairi, akachora wayo wangu kwa chaki, akakata kwa kufuata mstari, akazungushia mikanda na kuikaza kwenye mgongo wa mguu kwa vidole vyake. Kazi ile na kazi ya mzee wa hapa Fort Worth ni kazi moja. Mmoja wao anafanya kazi katika nchi inayomheshimu, mwingine anafukuzwa barabarani na mgambo wanaosema anachafua mji.

Ndiyo maana niliumia mno, si muda mrefu uliopita, katika arusi ya mwenzetu huko Dallas, ndugu mmoja aliponitazama miguuni na kusema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba siku hizi najifanya mzungu. Nilimjibu kwa adabu, na hapa narudia nilichomjibu. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba takriban mmoja kati ya kila makauboi wanne wa zama zile alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa waliozaliwa utumwani na kujifunza kazi ya ng'ombe kabla ya kuachiwa huru. Bill Pickett, aliyezaliwa Texas mwaka 1870, ndiye aliyeupa umaarufu mchezo wa kuruka kutoka juu ya farasi na kumwangusha dume kwa kumshika pembe, mchezo ambao hadi leo ni sehemu ya rodeo, yaani mashindano ya ustadi wa makauboi, kote nchini, na sanamu ya Pickett iko katika Stockyards, eneo la mazizi ya zamani ya mji huu. Tangu mwaka 1957 watu weusi wapanda farasi wa Prairie View, Texas, husafiri kila mwaka kuelekea Houston kwa ajili ya maonyesho ya mifugo ya huko. Watu hao hawakuazima kitu cha mtu. Na mtoto wa wafugaji wa Dodoma akivaa kiatu cha wafugaji, hajaenda mbali na kwao.

Kwa mdogo wangu unayejiandaa kuja, uwe umepata viza ya bahati nasibu au unafuata masomo: mshahara wa kwanza usiuguse kwa ajili ya mabuti haya. Kazi nyingi zinazotupokea ni za maghala, viwanda na kuhudumia wazee, nazo zinataka viatu vyake. Ghala huenda likakudai buti la usalama lenye chuma mbele, na buti la kauboi la kawaida halihesabiwi. Katika zamu ndefu ya kuhudumia wagonjwa, sakafu ikiwa imetoka kupigwa deki, soli ya ngozi itakuangusha. Subiri hadi kodi ya nyumba na gari vikae sawa. Utakapokuwa tayari, jua kwamba bei iliyoandikwa kwenye boksi siyo utakayolipa, kwa sababu hapa mjini huongezwa kodi ya asilimia 8.25 ukifika kaunta, na jambo hilo bado linaniudhi kila mara ninaponunua kitu. Anza na ngozi ya ng'ombe. Ngozi ya mbuni ni laini na ya kudumu, na zile nundu zake ni alama za mahali manyoya yalipoota, lakini hutoka sehemu ya mgongo tu, ndiyo maana bei yake hupaa. Ngozi ya chatu na ya jamaa za mamba iache kabisa ikiwa unafikiria kusafiri nayo, kwa kuwa wanyama hao wamo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama walio hatarini, na unaweza kudaiwa vibali mpakani.

Ukishayanunua, yavae nyumbani jioni juu ya zulia kwa saa chache, siku baada ya siku, soli zikiwa safi, ili yakikataa uweze kuyarudisha. Puuza ushauri wa kuyalowesha maji na kutembea nayo hadi yakauke, kwani unaiharibu ngozi na bitana yake. Suruali ya jinsi huteremka juu ya buti, na iwe ndefu kidogo kuliko kawaida, kwa maana ukiketi hupanda. Yakilowa mvua, yajaze magazeti na uyaweke mbali na hita. Vumbi lifutwe kabla ya mafuta ya ngozi, maana ukipaka juu ya vumbi unalisugulia ndani. Soli iliyoshonwa kwa ukanda wa ngozi pembeni inaweza kutolewa na fundi na kuwekwa mpya zaidi ya mara moja, na hilo ndilo linalohalalisha bei yake, kwa hiyo kabla ya kulipa ligeuze buti na uutazame mshono kwa makini, kwa sababu kwenye yale ya bei ya chini huenda ukawa mapambo tu juu ya gundi.

Na ninyi wa nyumbani mnaoniandikia kwamba niwaletee mabuti nikija Desemba, naomba msinitumie namba peke yake. Jioni, ukiwa umevaa soksi, simama juu ya karatasi ngumu uzito wote ukiwa miguuni, mtu mwingine akuchore miguu yote miwili kwa penseli iliyosimama wima, asiilaze. Kisha uchukue utepe wa fundi cherehani na kupima mzunguko katika sehemu tatu: kwenye kifundo cha kidole gumba, juu ya mgongo wa wayo, na kutoka kisigino ukipanda hadi kwenye kona ya mguu. Andika kila kipimo kwa sentimita kando ya mchoro wa mguu wake, weka rula juu ya karatasi, na upige picha ukiwa moja kwa moja juu yake. Mwenye vipimo hivyo nitampelekea mchoro wake kwa yule mzee.