Hiyo Njano ni Ndoo

Jumapili, saa mbili usiku. Nimehamishia picha za wiki kwenye kompyuta na ninazipitia moja moja. Nyingi hazionyeshi kitu. Namaanisha kwa makusudi: nazungusha pete ya lenzi mpaka vitu vipoteze kingo, halafu nabonyeza. Mwenzangu wa ofisini alipochungulia aliniuliza kama kamera imeanguka.

Dodoma si mji wa kukuhurumia ukitaka ukungu kwenye picha, yaani vitu kukosa kingo. Tuko juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mvua zikishakatika hapo Aprili anga linabaki tupu miezi na miezi, na jua la saa saba linachonga kila bati na kila jiwe. Ukungu wa lenzi unataka tundu lake la kupitishia mwanga liwe wazi, na tundu likiwa wazi mwanga unaingia kwa fujo. Lenzi yangu ni ya zamani, mm 50, fokasi yake, yaani kulenga kitu kionekane kikali, ni ya kuzungusha kwa mkono, na tundu linafunguka mpaka f/1.8, ambalo ni pana sana. Kwa ISO 100, kamera ikiwa imewekwa isihisi mwanga sana, kwenye jua la mchana ingehitaji shata, lile pazia la mwanga, ifunguke sehemu moja ya 8,000 ya sekunde, na kamera yangu inaishia sehemu moja ya 4,000. Picha inaungua kwa mwanga. Ndiyo maana nasubiri saa kumi na moja na nusu jioni, mwanga ukianza kulala.

Najua kuna watakaosema mbona simu inatoa ukungu hata saa sita. Ule kwa sehemu kubwa ni hesabu ya programu. Sensa ya simu, kile kipande kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, kwa hiyo karibu kila kitu kinaingia kwenye fokasi. Programu ndiyo inakisia mtu ameishia wapi, kisha inapaka ukungu nyuma yake. Wakati mwingine inaondoka na sikio. Siibezi, picha ya harusi ya dada yangu niliipiga kwa simu na mama ameiweka sebuleni. Tatizo langu nayo ni kwamba haikubali kukosea pale ninapotaka ikosee.

Nilianzia jikoni. Shemeji alileta zabibu kutoka Hombolo, nikaning'iniza kichala dirishani na kusogea mpaka nusu mita. Kwa umbali huo, tundu likiwa wazi kabisa, sehemu inayoonekana vizuri haizidi sentimita moja hivi. Punje moja ya zabibu inatosha kuijaza. Kwenye ile niliyoilenga niliona ule utando mweupe kama unga, ambao wengi tunaukimbilia kuuosha tukidhani ni dawa. Ni nta ya tunda lenyewe. Na katikati ya nta palikuwa na alama ya kidole gumba, safi, mpaka mistari ya ngozi inahesabika. Ya shemeji au ya mvunaji, sijui.

Kisha nikaanza kuzungusha pete polepole. Mistari ya kidole iliondoka kwanza, baadaye nta, na ngozi ikawa laini. Halafu kingo. Punje tatu zilizokuwa zimepangana mbele na nyuma ziliungana zikawa doa moja, na hapo umbali kati yao ukafa kabisa. Rangi haikutikisika. Nilifika mwisho wa pete sijui tena kama ni zabibu au ni shati limetundikwa, lakini ile zambarau ilikuwa pale pale, pengine imekolea zaidi kwa sababu jicho halikuwa na kazi nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini picha za namna hii zinanichosha. Picha iliyo wazi ina huruma: mtazamaji anasoma bango, anamtambua mtu, anahesabu viti, anasahau kwamba umepanga ovyo. Ukimwondolea vyote hivyo anabaki na uzito wa maumbo na rangi, na kama doa kubwa liko mahali pabaya hakuna kitu cha kumpumbaza. Nafuta nyingi kuliko nilivyowahi kufuta. Wanaodhani ukungu ni kichaka cha kuficha uvivu wajaribu wiki moja.

Mpiga picha Mjapani Hiroshi Sugimoto aliugeuza ukungu kuwa mtihani. Kuanzia mwaka 1997 alipiga picha majengo mashuhuri, Mnara wa Eiffel ukiwamo, huku ameivuta lenzi ya kamera yake kubwa ya kizamani kupita mahali pa fokasi. Mara mbili ya infiniti, yaani ya umbali wa mwisho ambao lenzi hulenga, ndivyo alivyoeleza. Hoja yake ni kwamba jengo lililobuniwa vizuri linastahimili. Nikasema na mimi niupime mji wangu. Msikiti wa Gaddafi ulistahimili, kuba na mnara vinajisemea. Mlima Mlimwa nao. Maghorofa mapya ya vioo, ya Mtumba na ya mjini, yalibaki masanduku yanayofanana kiasi kwamba nyumbani nilishindwa kujua lipi ni lipi. Aliyefaulu kuliko wote ni mbuyu mmoja njia ya Chamwino. Huu ni msimu wake wa kukaa bila majani, shina na matawi tu, na hata pete ilipofika mwisho usingeweza kuufananisha na mti mwingine. Nikafikiria wale wachoraji wa zamani wa Kolo, kule Kondoa, kwenye miamba iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu wao wekundu ni warefu na wembamba kupita kiasi, hawana nyuso, na bado unaona nani ameinama.

Sokoni Majengo ilikuwa habari nyingine. Pale ukinyanyua kamera tu, maneno yanaanza. Nilikuwa nimelenga meza ya nyanya na karanga, mwanga wa jioni unapita chini ya turubai, nikasikia:

"We kaka, unanipiga picha unipeleke wapi?"

"Mbukwenyi mama," nikamsalimu kwa Kigogo. "Napiga rangi tu, njoo uone."

Akafuta mikono kwenye kanga, akaishika kamera mwenyewe, akaisogeza mbali na uso kama wanavyofanya wanaosahau miwani nyumbani.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Hapo katikati mama, hiyo njano."

"Hiyo njano ni ndoo." Akaweka kidole kwenye kioo. "Mimi ni hii nyekundu. Na huyu mweusi ni mwanangu kainama, amebeba gunia."

Alikuwa sahihi. Mimi niliyepiga nilikuwa nimeshapoteza nani ni nani, yeye aliisoma picha nzima kwa sababu anaijua meza yake. Akaniruhusu niendelee, kwa sharti kwamba ninunue nyanya. Nilinunua.

Nimeulizwa mara kadhaa kama kuna haja ya kuomba ruhusa kwa picha ambayo mtu hatambuliki. Kwangu haja ipo. Aliyekaa pale anajua amepigwa, na wewe unajua umempiga. Ukungu uko kwenye faili tu.

Taa za usiku sizisemei sana, kila anayeanza huanzia huko, na mimi nimo. Ila pale karibu na Nyerere Square nimejifunza kitu kidogo: taa ya bodaboda ikitoka kwenye fokasi huwa duara tundu likiwa wazi, na ukilibana kidogo duara linapata kona tano, kwa kuwa lenzi yangu ina vibapa vitano vinavyobana tundu. Baada ya hapo zinaanza kufanana.

Jana nilipeleka tatu kuchapisha. Kijana wa studio aliziangalia, akashusha sauti ili wateja wengine wasisikie: "Kaka, faili zako zimeharibika, nisije nikala hela yako bure." Nikamwambia ziko sawa, achape. Ya kwanza ikatoka imejaa chembechembe. Kumbe programu yake inanoa kingo za kila picha yenyewe, na isipokuta kingo inanoa chembe za sensa. Tukaizima. Nikamwomba pia karatasi isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa inaakisi taa, na kwenye picha isiyo na kingo jicho linakimbilia kwenye hilo tu. Ya ndoo imetoka vizuri. Nakala yake moja iko kwenye bahasha, kesho napita Majengo. Ya mbuyu sijaichapa kubwa bado. Nangoja Desemba, mvua zikifika na majani yakitoka, niurudie ukiwa umevaa. Nina wasiwasi kwamba majani yataulainisha na utafeli.