Maji ya Namugongo

Jumatatu, 3 Juni 2024

Miguu imevimba, naandika nikiwa nimeiloweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Tulitoka alfajiri na akina mama wa jumuiya, tukatembea hadi Namugongo, walikochomwa Mashahidi wa Uganda. Kijerikeni cha maji ya ziwa la pale nimekiweka mlangoni. Mwaka juzi alinibebea mtoto wa kaka yangu. Leo nimekibeba mwenyewe.

Njiani kulikuwa na mhubiri na spika lake. Kila mwaka ni yale yale: vijana wa ikulu walimkatalia Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipowataka kimwili, wakachomwa moto 1886, basi na sisi tuwafukuze mashoga. Watu wakaitikia Amina. Safari hii mimi nilikuwa namuwaza Mukajanga, mkuu wa wauaji wa Kabaka. Kati ya waliouawa alikuwamo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwake, na Mukajanga alimsihi akubali kufichwa. Muuaji huyo! Hata yeye alitafuta pa kumficha mtoto wake.

Mimi nilitafuta shilingi elfu ishirini.

Ilikuwa Juni mwaka jana, hata wiki mbili hazijaisha tangu tusikie Rais ametia saini ile sheria ya kupinga ushoga. Kijana yule wa kaka yangu alifika usiku na begi la shule. Baba yake alikuwa amejua. Kwangu ni muzigo tu, chumba kimoja na pazia katikati, ukikohoa jirani anakupa pole. Na nilishasikia kwamba ukimweka mtu wa hivyo ndani unafungwa, ukijua ukanyamaza unafungwa pia. Nikamnunulia rolex, chapati iliyokunjwa na mayai mawili, pale barabarani, nikamkunjia hela mkononi, nikamwambia Mungu akutangulie. Aliila amesimama. Kwa Waganda senga, yaani shangazi, ndiye anayeambiwa mambo ya mwili ambayo mzazi hawezi kuyasikia. Ndiyo maana alikuja kwangu.

Halafu tarehe 3 Aprili mwaka huu Mahakama ya Katiba ikaiacha sheria karibu yote, kifungo cha maisha kimo, kifo kimo. Ila ilifuta vipengele vya nyumba na vya kuripoti, vile vile nilivyokuwa nimejifunika navyo. Na bado sikupiga simu.

Kanisa langu linafundisha nini juu ya dhambi nakijua, sitabishana nalo hapa. Lakini namkumbuka Askofu mstaafu Christopher Senyonjo, ambaye kanisa lake lilimzuia kutoa huduma kwa sababu ya kuwatetea watu hawa. Mwaka 2011, kwenye maziko ya David Kato, mtetezi wa haki za mashoga aliyeuawa, mchungaji alianza kuwahubiria mashoga watubu, wanakijiji wakakataa kuzika. Marafiki wakabeba jeneza wenyewe. Senyonjo, mzee wa karibu miaka themanini, akasimama kaburini akamwombea marehemu.

Jioni hii nimempigia kijana. Namba haipatikani. Nikampigia dada yake.

"Senga, sasa utamwambia nini?"

Nikamwambia nitamuuliza kama amekula. Akanyamaza kidogo, halafu akanitumia namba nyingine.