Nilishuka Hannover

Treni ya kutoka Köln kwenda Berlin, Ujerumani, ilikuwa imeshaipita Dortmund niliposikia kitu kinanichoma ubavuni, upande wa kushoto. Nikadhani ni kichomi cha kukaa vibaya. Nikasimama, nikatembea hadi mwisho wa behewa, nikarudi. Maumivu nayo yakahama, mara kwenye kinena, mara mgongoni, na jasho jembamba likaanza kunitoka. Aliyewahi kuugua vijiwe vya figo anajua: hupati mkao. Ukikaa huwezi, ukiinama huwezi.

Kondakta alinikuta nimeegemea mlango wa choo. Akatangaza kuuliza kama kuna daktari ndani ya treni, hakujitokeza mtu. Basi akapiga 112, akaniambia gari la wagonjwa litanisubiri Hannover. Namba hiyo hutumika katika nchi zote za Umoja wa Ulaya na kuipiga ni bure. Gari lenyewe, lakini, si la bure, na kwa maumivu yote yale akili yangu ilikuwa inauliza analipa nani.

Bima nilikuwa nayo. Visa ya Schengen ya matembezi, ile moja inayokuingiza nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, inayogusa matibabu ya dharura na hata kurudishwa kwenu ukiwa mgonjwa au maiti. Wengi huinunua ili kuridhisha ubalozi, kisha huisahau kwenye barua pepe. Yangu niliichapisha, na ilikuwa na namba ya dharura ya saa 24.

Hospitalini, dada wa mapokezi aliigeuza ile karatasi mbele na nyuma. Wenyeji humpa kadi ya bima, anaisoma kwenye mashine, yameisha. Mimi, akasema, nina njia mbili: kampuni yangu ya bima itume barua ya dhamana kwamba italipa, au nilipe mwenyewe kisha nikadai. Ila daktari atakuona kwanza, akaongeza, na hilo nalishukuru mpaka leo.

Nikawekewa dripu ya metamizoli, dawa ambayo Wajerumani huitumia sana na ambayo Uingereza na Marekani haiuzwi. Baada ya muda nikaweza kushika simu. Mtu wa bima aliuliza namba ya mkataba, jina la hospitali, dalili, kisha kwa sauti ileile ya upole: umewahi kuugua hivi kabla? Swali hilo lina uzito kuliko yote, kwa sababu mikataba mingi haigusi ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kusafiri. Sikuwahi, nikasema hivyo.

Altrasaundi na kipimo cha mkojo vilithibitisha kijiwe, cha chini ya milimita 5. Cha ukubwa huo mara nyingi hutoka chenyewe. Daktari akasema ninywe maji, nikojolee kwenye kichujio, nirudi haraka nikipata homa.

Dhamana haikufika usiku ule. Nikalipa sehemu kwa kadi, iliyobaki wakaandika watanitumia ankara nyumbani. Kabla ya kuondoka nilikataa kuinuka kitini mpaka nipewe barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, tarehe, vipimo na tiba. Muuguzi alicheka, lakini akaileta. Bila barua hiyo, risiti ni karatasi tu. Inaonyesha umelipa, haionyeshi kwa nini.

Maduka ya dawa yalikuwa yamefungwa, ila mlangoni hubandikwa tangazo la duka lililo zamu usiku. Nilihudumiwa kupitia kidirisha kidogo. Mfamasia alipiga muhuri na bei kwenye cheti changu cha dawa akanirudishia, maana kwa anayejilipia ndicho cha kupeleka bima.

Asubuhi nikapanda treni ya Berlin. Kijiwe kilitoka huko, kidogo kuliko kelele zake zote.

Ankara ya hospitali ilifika kwa posta wiki kadhaa baadaye, na ya gari la wagonjwa ikaja peke yake, kutoka ofisi nyingine kabisa. Nilizituma zote pamoja na barua ya daktari. Bima wakalipa, wakakata kile kiasi ambacho mkataba unasema mteja hujibebea mwenyewe, na wakazikataa dawa za maumivu nilizojinunulia Berlin bila cheti.